"Punguza mawazo" si dawa ya presha

Kama kuna sentensi moja ambayo ningeifuta katika vyumba vya matibabu vya Kampala, ni hii: "Mama, presha yako iko juu, punguza mawazo." Wengine huiandika kabisa kwenye daftari la mgonjwa, chini ya majina ya vidonge, utadhani nayo inauzwa famasia.

Mimi ni muuguzi katika kliniki ya mtaani upande wa Makindye. Wagonjwa wetu wengi ni watu wa Kiswahili: Wakongo wanaoishi Katwe na Nsambya, madereva wa malori wanaosubiri mzigo, wake wa askari, Wanubi waliotoka Bombo kuja kutafuta maisha mjini. Wote huambiwa maneno hayo hayo, na wote huitikia kwa heshima, "Asante, musawo," yaani daktari kwa Kiganda. Kisha wanarudi nyumbani na mawazo waliyokuja nayo, wakiwa wameongezewa jingine: kwamba ugonjwa huu wamejiletea wenyewe kwa kuwaza sana.

Sibishi kwamba mawazo yanaugusa mwili. Hilo lilishathibitishwa zamani. Walter Cannon, mwanafiziolojia wa Harvard, alianza mwishoni mwa karne ya 19 kutazama matumbo ya paka kwa eksirei. Paka aliyetulia, tumbo lake lilikuwa likisaga chakula vizuri. Akishtuliwa au akikasirishwa, lilisimama papo hapo. Kufikia mwaka 1915 Cannon alikuwa na maelezo ambayo bado tunayatumia: mnyama anapoona hatari, tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini, moyo huenda mbio, sukari hupanda kwenye damu, na damu yenyewe huondolewa tumboni na kupelekwa kwenye misuli ili apigane au akimbie. Baadaye kidogo hufuata homoni nyingine, kotisoli, ambayo kazi yake ni kuhakikisha nguvu haziishi mapema. Hatari ikipita, mambo yanarudi yalivyokuwa.

Tatizo ni hatari isiyopita. Au, mbaya zaidi, hatari isiyojulikana itakuja lini.

Hapa ndipo ninapotaka kukaa, kwa sababu ndipo ushauri wetu wa "punguza mawazo" unapoanguka. Katika miaka ya 1960 na 1970, mtafiti Mmarekani Jay Weiss alifanya majaribio ya panya ambayo ningependa kila daktari mchanga ayasome kabla hajapewa koti jeupe. Aliwaweka panya wawili, kila mmoja kwenye kisanduku chake, na kuwapiga shoti ya umeme mkiani. Shoti ile ile, nguvu ile ile, kwa wakati mmoja. Tofauti ilikuwa moja tu: panya wa kwanza alisikia mlio kabla ya kila shoti, na wa pili alisikia milio hovyohovyo isiyomwambia chochote. Panya wa tatu, wa kulinganishia, hakupigwa kabisa. Matumbo yao yalipochunguzwa, yule aliyepewa taarifa alikuwa na vidonda vichache, asipishane sana na yule ambaye hakuguswa. Aliyeonewa gizani ndiye aliyechubuka vibaya. Katika majaribio mengine, panya aliyekuwa na gurudumu la kuzungusha ili kuzima shoti aliumia kidogo kuliko mwenzake aliyepata shoti zile zile bila gurudumu.

Soma tena hapo. Maumivu yalikuwa sawa. Kilichoharibu mwili ni kutojua, na kutokuwa na la kufanya.

Sasa nitazame wagonjwa wangu. Kuna mke wa askari ambaye mumewe yuko Somalia, kwa maana jeshi letu limekuwa huko tangu mwaka 2007, na simu hupigwa siku yoyote au isipigwe. Kuna kijana wa boda ambaye pikipiki si yake mpaka amalize deni, na deni hulipwa kila wiki, mvua inyeshe isinyeshe, abiria wawepo wasiwepo. Mama anayeuza mboga barabarani hajui leo watafukuzwa saa ngapi. Mkongo anayesubiri karatasi zake za ukimbizi hajui kama ni mwezi ujao au mwaka ujao. Na wote wana watoto, na shule hufunguliwa mara tatu kwa mwaka, ingawa hilo angalau linajulikana tarehe yake. Tulishaona hata tarehe hiyo ikipotea: Machi 2020 shule zilifungwa na hazikufunguliwa kikamilifu mpaka Januari 2022, karibu miaka miwili, huku wazazi wakisikiliza redio kila jioni kujua kesho kuna nini.

Huyo ndiye tunamwambia apunguze mawazo. Ayapeleke wapi?

Kuna msemo hapa mjini kwamba presha ni ugonjwa wa matajiri, wa watu wenye magari na matumbo. Uingereza nao waliwahi kudhani hivyo: kwamba moyo wa mkubwa, kwa majukumu yake mengi, ndio unaochoka kwanza. Kisha kuanzia mwaka 1967 watafiti walifuatilia wanaume zaidi ya 17,000 waliofanya kazi serikalini London, utafiti ambao Michael Marmot aliupa umaarufu. Ikaonekana kinyume. Matarishi na walinda milango walikufa kwa ugonjwa wa moyo kwa zaidi ya mara tatu ya wakubwa wa ngazi ya juu. Sigara na unene vilieleza sehemu tu ya pengo hilo. Na hawa hawakuwa mafukara; wote walikuwa na kazi, mshahara na hospitali ya bure. Katika tafiti zilizofuata, jambo lililojitokeza sana ni lile la gurudumu: mtu ana usemi gani juu ya kazi yake mwenyewe? Hapa Uganda, mtu mzima mmoja kati ya wanne hivi ana presha ya juu, na wengi wao hawajui. Hao wote si wenye magari.

Niseme pia, kwa haki, kwamba kuna kosa la upande wa pili. Watu wetu wakishajua kwamba msongo huumiza mwili, kila kitu kinawekwa begani mwake. Vidonda vya tumbo, kwa mfano. Ukimwuliza mgonjwa chanzo, atakwambia ni mawazo ya ndoa. Lakini Barry Marshall na Robin Warren wa Australia walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2005 kwa kuonyesha kwamba vingi vya vidonda hivyo huletwa na bakteria, na bakteria huyo anatibiwa kwa antibiotiki. Msongo unaweza kuzidisha, sawa, lakini mwanamke aliyeachiwa bakteria tumboni kwa miaka kumi kwa sababu kila mtu aliamini tatizo ni mumewe amedhulumiwa mara mbili. Presha nayo ina chumvi, ina pombe, ina urithi na umri. Vidonge vinywewe.

Lakini ushauri wetu una ubaya mwingine ambao hautajwi. Mtu akiambiwa apunguze mawazo na hana njia ya kuyapunguza, anachofanya ni kuyaficha. Kwetu hilo ni adabu. Mwanamume aliyelelewa kambini anajua mapema kwamba machozi ni ya watoto. Mwanamke anaambiwa nyumba ni siri. Mwaka 1997 James Gross na Robert Levenson walichapisha utafiti wa wanafunzi wa kike 180 waliooneshwa filamu fupi, nyingine za huzuni. Nusu waliambiwa wasioneshe chochote usoni. Nyuso kweli zilitulia. Ila huzuni haikupungua hata kidogo, na mishipa ya damu na jasho la vidole vilionesha mwili unafanya kazi zaidi kuliko wa wale walioachwa walie. Miaka sita baadaye Emily Butler na wenzake wakaongeza jambo ambalo mimi nalifikiria kila ninapoona mume na mke wamekaa kwenye benchi letu bila kuongea. Waliwakalisha wanawake wawili wawili wazungumze juu ya filamu ya kuhuzunisha, mmoja akiwa ameambiwa kwa siri afiche hisia zake. Presha ya mwenzake, asiyejua lolote, ilipanda.

Kwa hiyo baba anayekaa kimya ili asiwatie watu wake wasiwasi, huenda wasiwasi anautia kwa kukaa kimya. Mficha maradhi, walisema wazee, kifo humwumbua. Hawakusema kwamba jirani yake naye huugua.

Hata kupima kwenyewe tunakufanya kwa namna inayotuumbua. Utaratibu unataka mgonjwa akae dakika tano ametulia, mgongo umeegemea, miguu iko chini bila kupishana, mkono usawa wa moyo, mdomo umefungwa. Kuongea peke yake kunaweza kuisukuma presha juu kwa milimita kumi hivi. Sisi tunafanyaje? Mtu ameshuka boda sasa hivi, moyo bado unadunda kwa sababu pale Kibuye dereva alijipenyeza katikati ya malori mawili. Tunamfunga mkanda mkononi, na mkanda ukiwa unajaa upepo tunamuuliza jina, namba ya simu, na nani atalipa. Tarakimu ikitoka tunashangaa. Tumepima foleni ya Entebbe Road na tumeiandika kwenye daftari la mtu.

Tufanye nini basi? Wengi wakifika hapa hutaja daktari wa akili, na mazungumzo huishia hapo, kwa sababu mjini kwetu kutaja Butabika, hospitali ya wagonjwa wa akili, ni kumtukana mtu. Lakini mfano bora ninaoujua haukutoka hospitali. Mwaka 2002, katika vijiji 30 vya Masaka na Rakai, eneo ambalo UKIMWI ulilipiga kabla ya mengine nchini, watafiti waliunda vikundi vya watu wenye sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, wanawake kwao na wanaume kwao. Walioongoza vikundi hawakuwa madaktari. Walikuwa wenyeji waliopewa mafunzo mafupi. Walikutana mara moja kwa wiki, wiki 16. Walizungumza nini? Msiba, ugomvi wa nyumbani, maisha yaliyobadilika ghafla, na hasa: ni kipi kati ya haya unachoweza kukifanyia jambo wiki hii, na nani hapa atakusaidia. Kabla ya kuanza, asilimia 86 ya waliokuwa katika vikundi walikuwa na sonona kali. Mwishoni walibaki asilimia 6.5. Katika vijiji ambavyo havikupata vikundi, idadi ilishuka pia, kutoka asilimia 94 hadi 54.7, lakini angalia pengo. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa njia hii hii ili itumike kwingine.

Hawakupima presha kule, na sitadai kwamba vikundi hivyo vinashusha presha. Ninachokiona ni kwamba hakuna aliyeambiwa apunguze mawazo. Waliyatoa nje, wakayagawa, wakatafuta gurudumu. Na haikugharimu mashine yoyote.

Kliniki nyingi za mtaani haziwezi kuanzisha kikundi kesho. Lakini tunaweza kuacha kuwa sehemu ya shoti. Mgonjwa wa presha anayetegemea vidonge vya bure katika kituo cha serikali huamka saa kumi na moja, hupanda teksi, hukaa foleni mpaka mchana, kisha huambiwa dawa zimeisha, jaribu wiki ijayo. Wiki ijayo hujaribu. Huyo tunamtibu ugonjwa wa kutojua kwa kumwongezea kutojua, halafu tunampima na kumkaripia. Siombi dawa zisiishe kamwe. Najua maghala yetu. Naomba saa moja asubuhi mtu mmoja aandike kwa chaki mlangoni: amlodipini, dawa ya presha, ipo, au haipo, itafika siku fulani. Waliotoka mbali watumiwe ujumbe wa simu usiku wa kuamkia zamu yao. Na kwenye daftari, pale tulipozoea kuandika punguza mawazo, tuandike jibu la swali ambalo hatujamuuliza: ni jambo gani hasa, na linatarajiwa lini?

Juzi nilimuuliza mama mmoja hivyo. Alifikiri kidogo, akasema ni kodi ya nyumba, na mwenye nyumba hana siku maalumu ya kuja. Huja tu akitaka. Tukaandika hapo hapo kwamba ampigie simu waafikiane tarehe. Daktari aliposoma daftari aliniuliza, "Sista, hii nayo ni matibabu?" Nikamwambia aisome pamoja na kidonge.