Njia ya mkato ya 127.0.0.1 na bei yake

Programu mbili zinakaa kwenye seva moja na kutumia kumbukumbu moja. Moja ikizungumza na nyingine kupitia 127.0.0.1, anwani ambayo mashine hujiitia yenyewe, Linux huifunga data kwenye pakiti, huipitisha kwenye kanuni za ukuta wa moto na kuikabidhi kwa kiolesura cha lo, mlango wa mtandao ulio ndani ya mashine yenyewe. Kisha huipokea upya kana kwamba imetoka nje, huikagua tena, na kurudisha risiti kwamba imefika. Ni kama mkazi wa Likoni kumwandikia jirani yake barua, ikavushwa kwa feri hadi kisiwani, ikapigwa muhuri, ikarudishwa kwa feri ileile. Kerneli, kiini cha Linux, inajua kwamba wote wawili wako nyumbani. Kwa nini isimkabidhi mpokeaji mkononi?

Swali hilo ni la haki, na wapo waliolijibu kwa vitendo. Mfumo endeshi wa Solaris 10 wa mwaka 2005 ulikuja na TCP Fusion (TCP ni itifaki ya kuunganisha programu kwenye mtandao), inayounganisha soketi mbili, yaani ncha za muunganisho, za mashine moja na kuruka tabaka za chini. Windows 8 na Server 2012 zilileta SIO_LOOPBACK_FAST_PATH, ambayo pande zote mbili hulazimika kuiwasha kabla ya kuunganishwa. Leo Microsoft yenyewe haishauri itumike. Kwenye Linux, mwaka 2012 Bruce Curtis wa Google alipendekeza kiraka kilichoitwa TCP friends: salamu za kufungua muunganisho zinapita njia ya kawaida, pande mbili zikitambuana kuwa ziko mashine moja, data inawekwa moja kwa moja kwenye foleni ya mpokeaji. Hakikuingia kwenye kerneli rasmi.

Wenye kutaka njia ya mkato wana hoja yenye nguvu. Nyaraka za Redis, hifadhidata ya kwenye kumbukumbu, zinasema soketi ya Unix, njia ya programu za mashine moja kuzungumza kupitia faili bila mtandao, inaweza kupitisha kazi zaidi ya TCP ya ndani kwa takriban asilimia 50, na tofauti hiyo ni gharama ya tabaka za mtandao ambazo hapa hakuna anayezihitaji. Seva ikiwa na huduma ishirini zinazoitana mfululizo, gharama hiyo hulipwa kila sekunde.

Lakini wanaosita husomwa vibaya. Huchukuliwa kuwa wakaidi, au watu wasiojali kasi, ilhali wanatetea kitu ambacho thamani yake huonekana siku mambo yanapoharibika. Ukiwasha tcpdump -i lo, programu ya kuonyesha pakiti zinazopita, wakati hifadhidata inarudisha majibu ya ajabu, unaona kila ombi na kila jibu. Data ikishapita njia ya mkato, unaona pakiti tatu za kufungua, kisha kimya mpaka kufunga. Kanuni ya iptables (ukuta wa moto wa Linux) unayoiongeza saa nane za usiku ili kuzuia programu iliyovamiwa haitaukata muunganisho ambao tayari uko wazi, kwa sababu data haipiti tena pale kanuni ilipo. Hesabu za trafiki za lo nazo husimama, na anayezifuatilia kwenye grafu ataamini kwamba huduma imelala.

Kuna hasara moja isiyotajwa sana, nayo inatugusa hapa Mombasa. Kebo ya TEAMS, iliyofika pwani yetu mwaka 2009, inakwenda Fujairah kwa umbali wa karibu kilomita 5,000. Mwanga ndani ya kioo husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kwenda na kurudi ni milisekunde 50 hata kabla ya ruta yoyote kugusa pakiti. Mtengenezaji programu anayetaka kujua mfumo wake utakavyokuwa kwa mteja wa ng'ambo huandika amri ya kuchelewesha pakiti, tc qdisc add dev lo root netem delay 25ms, na kwa kuwa ombi na jibu yote hupita lo, anapata milisekunde 50 zilezile mezani kwake. Kwenye njia ya mkato, kufungua muunganisho kutachelewa ila data itapita mbio. Jaribio litamdanganya, na atagundua mteja akishalalamika.

Nambari ya kukaliwa kitako ni 28,232. Linux hutoa poti za muda, nambari za upande wa mteja wa kila muunganisho, kuanzia 32768 hadi 60999, na jumla yake ndiyo hiyo. Programu inayofungua muunganisho mpya kwa kila ombi na kuwa ya kwanza kuufunga huiacha poti kwenye hali ya TIME_WAIT, ya kusubiri kabla ya kutumika tena, kwa sekunde 60. Gawanya: ni miunganisho 470 kwa sekunde kuelekea anwani moja na poti moja. Ikiendelea kupita hapo, poti zinaisha na kosa nambari 99 linatokea, la anwani kutopatikana, huku prosesa imekaa bila kazi. Mwenye ofisi ya uwakala wa forodha karibu na Kilindini, mwenye seva moja inayobeba kila kitu, ataambiwa kwamba mtandao wa ndani ni mzito na kerneli inahitaji kuongezwa kasi. Sivyo. Poti zimekwisha kwenye kufungua na kufunga, na njia ya mkato inayohifadhi salamu za TCP ingeliacha tatizo hilo pale pale. Tangu kerneli 4.19 ya mwaka 2018, mpangilio wa tcp_tw_reuse huanza na thamani 2, inayoruhusu miunganisho ya lo kuitumia tena poti baada ya sekunde moja. Hiyo ni nafuu; dawa ni kuacha miunganisho wazi. Kwenye seva ya wavuti ya nginx iliyozoeleka, weka keepalive 32 ndani ya upstream (orodha ya seva za nyuma), proxy_http_version 1.1, na proxy_set_header Connection "". Wengi huweka la kwanza tu, na kila muunganisho unaendelea kufungwa kama zamani.

Anayehitaji kasi zaidi ya hapo, soketi ya Unix ipo. Haijifanyi kuwa mtandao, kwa hiyo hakuna anayetarajia kuiona kwenye tcpdump. Wateja wa MySQL kwenye Linux tayari huitumia ukiandika localhost, ukiandika 127.0.0.1 unapata TCP. Ina mitego yake. Ruhusa za faili zikikosewa, nginx hutoa 502 (seva ya nyuma haifikiki) na kosa nambari 13 (ruhusa imekataliwa), na tiba ni listen.owner, listen.group na listen.mode 0660 za PHP-FPM, programu inayoendesha msimbo wa PHP nyuma ya nginx. Soketi ikiwekwa /tmp huku systemd, msimamizi wa huduma za Linux, imewasha PrivateTmp, inayoipa huduma /tmp yake ya faragha, upande wa pili hauioni kabisa. Na foleni ya miunganisho inayosubiri kupokewa ikijaa, TCP humfanya mteja asubiri na kujaribu tena baada ya sekunde, ilhali soketi ya Unix humrudishia nginx kosa nambari 11 (jaribu tena) papo hapo. Wimbi la wateja lililokuwa likionekana kama ukawiaji sasa linaonekana kama kuvunjika, kwa hiyo ongeza mipaka ya foleni hiyo, listen.backlog pamoja na net.core.somaxconn, kabla ya kuhama.

Njia ya mkato ya kerneli ninayoiona halali ni ile ya soketi kuunganishwa kwa programu ya BPF, msimbo mdogo unaopakiwa ndani ya kerneli, jambo linalowezekana tangu kerneli 4.17 ya mwaka 2018. Programu moja hudaka miunganisho inapokamilika na kuiandika kwenye ramani. Nyingine huielekeza data kutoka soketi hadi soketi. Upofu wa tcpdump uko palepale, lakini msimamizi ndiye anayechagua. Anaweza kuandika kwamba poti 6379 (ya Redis) iingie kwenye ramani na 5432 (ya hifadhidata ya PostgreSQL) ibaki njia ndefu, kwa sababu kwenye hifadhidata ya malipo anataka kuendelea kuona kila pakiti.