Mlango wa Wanjiku: nani hasa hushika kalamu ya kubadilisha katiba?

Kila siasa za Kenya zinapochacha, haikosi mtu wa kusema tubadilishe katiba, na haikosi wa kumjibu kwamba katiba iheshimiwe kwanza ndipo ibadilishwe. Mabishano huishia hapo. Swali linalorukwa ni la kalamu: iko mkononi mwa nani wakati marekebisho yanaandikwa?

Wasiotaka iguswe wana historia ya kuwatetea. Katiba ya uhuru ya 1963 ilikuwa na Seneti, serikali za majimbo na masharti magumu ya kuirekebisha. Haikufika mbali. Mwaka 1966, Oginga Odinga alipoihama KANU, chama tawala, na kuongoza KPU, chama cha upinzani, Bunge lilipitisha mbiombio marekebisho ya kuwarudisha kwa wapiga kura wabunge waliohama chama. Mwaka huohuo Seneti ikamezwa na bunge moja. Mwaka 1975 rais akapewa uwezo wa kuwasamehe waliozuiwa kugombea kwa makosa ya uchaguzi, na hakuna aliyehitaji kuambiwa kwamba kanzu hiyo ilishonwa kwa kipimo cha Paul Ngei, mwanasiasa aliyekuwa amezuiwa kwa kosa kama hilo. Mwaka 1982 kikaingia kifungu cha 2A, KANU ikawa chama pekee kilichoruhusiwa. Kisha mwaka 1988 majaji wakanyang'anywa hakikisho la kukaa kazini. Yote hayo yalipita Bungeni, kwa kura. Masharti ya idadi ya kura yalikuwepo, ila aliyetaka mabadiliko ndiye aliyekuwa na wabunge.

Waandishi wa katiba ya 2010 waliyakumbuka hayo. Kifungu cha 255 kinataja mambo yasiyoguswa bila kura ya maamuzi, kama vile muhula wa rais, Sheria ya Haki, uhuru wa Mahakama, na malengo na muundo wa ugatuzi. Kura hiyo yenyewe haitoshi kushinda kwa wingi tu; lazima angalau asilimia 20 ya waliojiandikisha wajitokeze katika nusu ya kaunti au zaidi. Marekebisho yanayoanzia Bungeni, chini ya kifungu cha 256, husubiri siku 90 kati ya kusomwa mara ya kwanza na mara ya pili, kisha yapate theluthi mbili ya wabunge wote na ya maseneta wote.

Ila kufuli halimjui mwizi wala mwenye nyumba. Katiba hiyohiyo inasema jinsia moja isizidi theluthi mbili katika vyombo vya kuchaguliwa, bila kueleza Bunge litafikaje huko. Miswada ya kuziba pengo hilo ilihitaji kura 233 katika Bunge la Kitaifa, nayo ikaanguka mara kadhaa, wakati mwingine kwa sababu wabunge hawakutokea tu. Septemba 2020 Jaji Mkuu David Maraga alimshauri rais alivunje Bunge kwa kushindwa huko. Halikuvunjwa. Anayesema katiba yetu ni ngumu mno kurekebishwa ana hoja hapa, na mimi simpingi.

Uzito wa mambo, hata hivyo, uko kwenye kifungu cha 257, ule mlango aliotengewa Wanjiku, mwananchi wa kawaida. Kusanya saini milioni moja, tume ya uchaguzi izithibitishe, mabunge ya kaunti yasiyopungua 24 kati ya 47 yaukubali mswada, ndipo ufike Bungeni. Okoa Kenya, kampeni ya upinzani ya kurekebisha katiba, ilikwama mwaka 2016 kwa upungufu wa saini halali. Punguza Mizigo, kampeni ya 2019 ya kupunguza wabunge, ilivuka hatua ya saini, ikachinjwa na mabunge ya kaunti. Kisha ikaja BBI, mpango wa maridhiano uliozaa mswada wa kurekebisha katiba, mtoto wa salamu za Rais Uhuru Kenyatta na kiongozi wa upinzani Raila Odinga za Machi 2018, ambayo mashabiki wake waliimba kuwa hakuna wa kuzuia reggae. Hiyo ilipaa. Zaidi ya kaunti 40 ziliipitisha, nyingi ndani ya wiki chache, wakati ambapo wawakilishi wadi walikuwa wakililia ruzuku ya gari ya shilingi milioni 2 kila mmoja, na wakaidhinishiwa.

Mei 2021 Mahakama Kuu iliisimamisha, na Agosti Mahakama ya Rufaa ikaunga mkono, zote zikishikilia kwamba katiba ina muundo wa msingi usioguswa kwa njia za kawaida. Machi 2022 Mahakama ya Juu ililikataa fundisho hilo. Naona ilikuwa sahihi. Fundisho hilo lilikomazwa India mwaka 1973 katika kesi ya Kesavananda Bharati, na kule Bunge hurekebisha katiba bila kuwauliza wapiga kura. Sisi tuna kura ya maamuzi. Kumwambia mpiga kura kwamba hata yeye hawezi ni kumfanya jaji mwenye nyumba.

Sehemu ya pili ya hukumu ndiyo iliyogusa kalamu: rais hawezi kuanzisha marekebisho kwa kupitia mlango wa wananchi. Wapo waliouliza, je, rais si raia? Ni raia, lakini ni raia mwenye hazina na makamishna wa kaunti wa kumtumikia, na njia ya Bunge iko wazi kwa washirika wake. Ningependa katazo hilo limfikie pia gavana na yeyote anayetumia fedha za umma. Najua ugumu wake: bila chama kikubwa, ni nani atakusanya saini milioni moja? Okoa Kenya ilikuwa na muungano mzima wa upinzani, CORD, nyuma yake, na bado haikufika.

Halafu kuna hatua ya kaunti, ambayo haijadiliwi vya kutosha. Punguza Mizigo ilitaka wabunge washuke kutoka 416 hadi 147. BBI ilitaka maeneobunge 70 zaidi. Wawakilishi wadi waliokataa mswada wa kupunguza ndio waliopigia makofi mswada wa kuongeza, na ilibidi majaji ndio wausimamishe.