Mbona Shuhuda Zetu Zote ni za Zamani?

Jumapili iliyopita mhubiri mgeni alisimama kwenye ibada ya vijana akauliza: "Nani humu ameokoka na bado anasumbuliwa na tamaa za mwili?" Mikono ikanyanyuka, ya vijana walioamini wanaulizwa ili wasaidiwe. Akawaita mbele. Kisha akatangaza kwenye maikrofoni kwamba hao hawajaokoka, kwamba aliyezaliwa mara ya pili tamaa zimekufa ndani yake, na anayeona zipo ana pepo, atolewe. Mmoja wao ni binti wa kwaya ninayemfahamu. Aliombewa, hakuanguka, akarudishwa kwenye benchi huku watu wakimtazama. Baada ya ibada akaniuliza, "Kaka, kwa hiyo miaka yote hii nilikuwa najidanganya?"

Hapana, dada yangu. Hukujidanganya. Na kwa kuwa lile neno lilisemwa hadharani, na mimi najibu hadharani.

Paulo naye angenyoosha mkono siku ile. Katika Warumi 7 anasema: "Kwa maana lile jema nilipendalo, silitendi, bali lile baya nisilolipenda ndilo nilitendalo." Tunayajua maneno hayo tangu kipaimara. Lakini mimi naegemea zaidi Wagalatia 5:17, kwa sababu pale hakuna pa kukwepea: mwili hutamani ukishindana na Roho, na Roho kushindana na mwili. Hao Wagalatia ni akina nani? Rudini sura ya 3. Paulo anawauliza walimpokea Roho kwa njia gani. Kwamba walimpokea, hilo halina mjadala. Ni watu wenye Roho ndio wanaoambiwa kuna mapambano ndani yao. Asiye na Roho anapambana na nini? Anatamani, anatenda, analala usingizi wake. Anayelia saa nane za usiku kwa sababu amerudia kile alichoapa kukiacha, huyo ndani yake kuna Mtu anayekataa. Kumwita mbele ya kanisa na kumwambia hana Kristo ni kumnyang'anya kitu pekee kilichokuwa kikimshika.

Wapo wasomi wanaosema Warumi 7 ni Paulo wa kabla ya kuokoka. Sawa, wana hoja zao. Augustino, yule mwalimu wa kanisa la kale, naye mwanzoni aliisoma sura hiyo kama habari za mtu aliye chini ya sheria, na baadaye akabadili msimamo, akasema anayelia pale ni mtume mwenyewe, mtu wa neema.

Na huyu Augustino tunamsimulia nusu tu. Mwafrika wa Thagaste, kwenye Algeria ya leo, aliyezaliwa mwaka 354. Wahubiri wanaipenda ile bustani ya Milan ya mwaka 386: machozi, sauti ya mtoto, akafungua Warumi 13, akaokoka. Hapo wanafunga kitabu. Lakini katika kitabu cha kumi cha Maungamo, masimulizi ya maisha yake mwenyewe, alichoandika zaidi ya miaka kumi baada ya bustani ile, akiwa tayari askofu wa Hippo, anaeleza kwamba picha za maisha yake ya zamani bado zinamjia usingizini. Anajichunguza kuhusu chakula. Anajichunguza kuhusu kupenda kusifiwa. Askofu, yuko kazini, anaandika waumini wake wasome!

Sisi shuhuda zetu zote ni za wakati uliopita. Nilikuwa mlevi. Nilikuwa mzinzi. Bwana akanifungua mwaka 2009, haleluya, nimekaa chini. Ni lini mara ya mwisho umesikia mtu akisimama aseme, "Bwana Yesu asifiwe, juzi Alhamisi usiku nilishika simu nikaangalia nisichopaswa kuangalia, niombeeni"? Kijana anayesikiliza hizo "nilikuwa" kila Jumapili anahitimisha kwamba kanisa zima limeshinda, amebaki yeye peke yake. Basi anajifunza kunyamaza. Anaimba, anafunga, anahudhuria mikesha, na ile vita anaipigana gizani hadi inamshinda, halafu siku moja hatumwoni tena, tunasema amerudi nyuma.

Haikuwa hivi kwa wazee wetu. Uamsho uliowaka Gahini, Rwanda, na kule Uganda kwenye miaka ya 1930, ukaenea Burundi, ukaingia Bukoba, ukavuka hadi Kenya, ulisimama juu ya jambo moja walilolichukua katika 1 Yohana 1:7: kutembea nuruni. Walokole, ndivyo walivyoitwa watu wa uamsho huo, walikutana wakasemeana dhambi za wiki ileile, chuki ya juzi, wivu wa jana. Simeoni Nsibambi wa Uganda na daktari mmisionari Joe Church wa Gahini, ambao kukutana kwao Kampala mwaka 1929 kunatajwa kila uamsho huo unaposimuliwa, hawakuwa watu waliojiona wamefika. Gahini ilifika mahali mmisionari wa kizungu na Waafrika aliofanya nao kazi hospitalini wakaombana msamaha. Bibi zetu walioungana na ushirika huo walijua kusema "leo nimekasirika vibaya, nimekuja msalabani." Sisi wajukuu wao tumerithi nyimbo na kusalimiana, ungamo tumeliacha.

Nakubali, tena kwa shingo upande, kwamba wapo walioigeuza Warumi 7 kuwa kichaka. Mtu anabeti mshahara wote, watoto hawana ada, ukimuuliza anakwambia mwili ni dhaifu. Huyo hapigani, amejisalimisha, na aambiwe hivyo usoni. Mapepo pia yapo, Injili zinasema. Ila Paulo hakuwaambia Wagalatia watolewe pepo la wivu. Aliwaambia waenende kwa Roho.

Na tukiwa hapo hapo Wagalatia 5, someni orodha yote. Uasherati upo, ndiyo, wa kwanza. Lakini zipo na fitina, faraka, husuda, hasira. Binti akipata ujauzito kabla ya ndoa anatengwa na Meza ya Bwana hadi arudishwe kundini. Mzee wa kanisa aliyeupasua usharika kwa fitina, nani amemtenga?

Yakobo 5:16 inasema tuungame dhambi zetu sisi kwa sisi, tuombeane, tupate kuponywa. Haisemi kwenye maikrofoni. Hata wakati wa uamsho maungamo ya hadharani yaliwaumiza watu wengine waliotajwa ndani yake, na hilo tulikumbuke. Mtafute mtu mmoja, dada aliyekomaa, mama mchungaji, mwenzako wa ushirika, umwambie kilichotokea wiki hii, na wiki ijayo akuulize.

Lakini vijana wananiambia wanaogopa, na najua kwa nini. Mchungaji anayesikia ungamo Jumatano na Jumapili akalitolea mfano madhabahuni, hata bila kutaja jina, amewafunga midomo wote waliokuwa wakijiandaa kwenda kumwona. Anayefanya hivyo aache.