Dawa za wazee tuzipime, tusizisifu tu

Kila msimu wa magonjwa ujumbe ni ule ule kwenye simu: shubiri kwa kideri, majivu kwa kupe, mwarobaini kwa kila kitu. Watu wanautumiana na kushangilia hekima ya mababu. Mimi nafuga mbuzi na kuku, nina mizinga michache nyuma ya boma, na dawa za miti nazitumia. Ndiyo maana sifa hizi zinaniuma.

Chukua kideri. Ni ugonjwa wa kuku unaoletwa na virusi, hauna tiba, na ukiingia bandani unaweza kumaliza karibu kundi zima. Maji ya shubiri hayauzuii. Kinachouzuia ni chanjo, na ipo ya tone moja tu jichoni, inayorudiwa kila baada ya miezi michache. Mfugaji aliyeaminishwa kwamba shubiri inatosha atazika kuku wake, kisha ataacha kuiamini miti yote, hata ile inayosaidia. Wanaoidharau elimu ya wazee wanaiumiza, lakini sisi tunaoipenda bila kuiuliza swali tunaiumiza zaidi.

Kwa sababu ipo inayosaidia kweli. Mbuzi wangu mmoja alikatwa mguu na waya, na mzee jirani, ndiye aliyenifundisha kurina asali, akaniambia nisafishe kidonda kwa maji safi yenye chumvi kidogo, nipake asali kwenye kitambaa kisafi, nifunge. Akasisitiza iwe asali mbichi. "Iliyopita motoni imekufa," alisema. Sikuelewa mpaka baadaye. Nyuki huacha kimeng'enya, yaani kichocheo cha mabadiliko ya kikemikali, ndani ya asali, na asali ikikutana na majimaji ya kidonda, kimeng'enya hicho hutengeneza haidrojeni peroksaidi kidogo kidogo, ambayo huua vijidudu. Moto hukiharibu. Juu ya hapo asali iliyoiva ina uchachu, na maji yake kwa kawaida hayafiki asilimia 20, kwa hiyo bakteria hunyonywa maji na kushindwa kuzaliana. Mzee hana neno "kimeng'enya", lakini sharti lenyewe analo, nalo ndilo lililobeba dawa. Hata kufunga kidonda kuna maana. Kikiachwa wazi, asali itawaita sisimizi, itawaita na nyuki, na asali ya mzinga mwingine inaweza kuwapelekea nyuki wako ugonjwa wa majana, yaani watoto wa nyuki.

Sharti dogo kama hilo limewahi kuokoa mamilioni ya watu. Mwanasayansi wa China, Tu Youyou, alikuwa akitafuta dawa ya malaria kwenye mmea wa jamii ya pakanga, na majaribio yake yakawa hayaeleweki, leo yanafaulu, kesho hayafaulu. Alipokisoma tena kitabu cha tiba cha karne ya 4, aliona kwamba mmea uliloweshwa majini na kukamuliwa, haukuchemshwa. Akabadili njia, akatumia joto dogo, na mwaka 1971 akapata kimiminika kilichofanya kazi. Mwaka 2015 alipewa tuzo ya Nobel. Hakuishia kuwasifu wahenga wake. Aliwasoma neno kwa neno, kisha akawajaribu.

Tuache pia kusema kwamba cha asili hakidhuru. Pareto, linalotengenezwa dawa ya kuua wadudu, ni ua, na linaua nyuki. Nyuki huruka kilomita kadhaa kutafuta chakula, na maji hunywa popote yalipotuama, hata kwenye kidimbwi ulikonyunyizia mbuzi dawa ya kupe. Nyunyiza jioni nyuki wakiwa wamerudi mzingani, na usiache dimbwi. Sumu ya pareto huvunjwa na mwanga wa jua, kwa hiyo saa unayochagua ina uzito wake. Na anayechuna gome kuuzunguka mti mzima, awe anatafuta dawa au anatengeneza mzinga wa gome, anauua mti uliokuwa ukimpa maua.

Ninachowaomba wafugaji wenzangu ni daftari. Jani gani, la mti gani, limechumwa lini, kiasi gani kwa mnyama wa uzito gani, mwenye mimba apewe au asipewe, maziwa yasikamuliwe kwa siku ngapi. Andika pia iliposhindwa, maana hapo ndipo wengi wetu tunanyamaza. Na jina la aliyekufundisha liandikwe, kama ameridhia, kwa sababu wazee wengi wanaficha elimu yao wakijua itachukuliwa na wao watasahaulika.

Daftari langu lina dawa kumi na moja. Kwenye nne nimeandika "haikusaidia". Mwezi uliopita nilimsomea mzee hizo nne, nikihofia atachukizwa. Alisikiliza kwa makini mpaka tukafika kwenye utupa, ule mmea ambao wavuvi waliutumia kulewesha samaki, niliokuwa nimewaogeshea mbuzi wenye kupe.

"Uliutengenezaje?"

"Niliuchemsha, babu."

"Nani alikuambia uuchemshe, mjukuu wangu? Unatwangwa, unalowekwa usiku kucha. Na maji yake usiyamwage mtoni."

Nimekwisha kuuchuma. Umo ndooni tangu jana jioni, na kurasa mbili za daftari nimeziacha wazi.