Mfuko wa mbolea umeshuka bei, gunia la mahindi je?

Unga wa sembe ukipanda bei Dar es Salaam, presha yote huhamia kwa mkulima. Mlaji wa Manzese akilalamika, kesho yake yuko kwenye taarifa ya habari. Mkulima wa Sumbawanga akiuza kwa hasara, habari zake hufika mjini msimu ukiwa umekwisha. Hili tunalisahau tunapobishana kuhusu ruzuku ya mbolea. Tangu Rais Samia Suluhu Hassan alipoizindua Mbeya, siku ya Nane Nane mwaka 2022, wanaoisifu na wanaoiponda wote huongea kana kwamba shida ya kijijini ni pembejeo tu.

Wanaoitetea wana hoja nzito, na jiografia iko upande wao. Sehemu kubwa ya mbolea tunayotumia inatoka nje. Inashushwa bandarini hapa Dar, inapakiwa kwenye malori na kupelekwa Songea au Sumbawanga, safari ya takribani kilomita elfu moja. Mahindi yanayolimwa huko yanarudi kwa barabara hiyo hiyo. Mkulima wa pembezoni kwa hiyo anabanwa kote kote: ananunua mbolea iliyobebeshwa nauli ya kwenda, anauza mahindi yaliyokatwa nauli ya kurudi. Enzi za Mwalimu, dawa ya hilo ilikuwa bei moja ya mahindi nchi nzima, na ndiyo iliyoifanya Iringa, Mbeya, Rukwa na Ruvuma kuwa ghala la taifa. Lakini aliyelipa nauli ile alikuwa serikali, Shirika la Taifa la Usagishaji, lililomnunulia mahindi hayo, likazama kwenye madeni, na kufikia katikati ya miaka ya 1990 ruzuku ya mbolea ilikuwa imeondolewa. Bei zilipopanda duniani kuanzia 2021, na vita vya Ukraine vikazidisha, mfuko wa kilo 50 wa DAP, mbolea ya kupandia, ulivuka shilingi 100,000. Ruzuku ikaushusha hadi 70,000. Kwa mwenye ekari mbili, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama atapanda na mbolea au atapanda hivi hivi na kumwachia Mungu.

Upande wa pili nao hausemi kwa chuki. Wanakumbuka vocha za pembejeo zilizoanza msimu wa 2008/09, zilizolipia kama nusu ya bei, ambapo mkulima asiye na nusu yake ya fedha aliishia kumsainia wakala vocha kwa pesa ya sabuni, na mbolea akaiona kwenye makaratasi tu. Usajili wa kidijitali umeziba sehemu ya tundu hilo. Ila msimu wa kwanza ulileta adha zake: mtu anatoka kijijini na namba yake ya usajili, anapanda bodaboda hadi mjini wilayani kwa wakala, anakuta foleni, mtandao umegoma au mzigo umekwisha. Nauli ya kwenda, kulala na kurudi inakula punguzo alilolifuata. Tena ruzuku inafuata mifuko, na mifuko inafuata ekari. Mwenye shamba kubwa ndiye anayevuna punguzo kubwa.

Hata hivyo, kasoro hizi zinarekebishika. Mawakala wanaweza kusogezwa, na vyama vya msingi vya ushirika vinaweza kupewa kazi hiyo, mradi visimamiwe. Kinachonisumbua zaidi ni kinachotokea baada ya mavuno.

Mwaka 2017 serikali ya Rais Magufuli ilizuia mahindi kuuzwa nje, ikisema ni kwa ajili ya usalama wa chakula na kwamba wanaotaka wanunue unga. Sababu hiyo si ya kubeza. Nchi iliyokumbwa na ukame haiwezi kuacha mpaka wazi ikatumaini bahati. Lakini mavuno yalipokuwa mazuri, mahindi yakajaa Nyanda za Juu Kusini bila mnunuzi, na bei ikaporomoka. Sisi wa mjini tulikula ugali wa bei nafuu. Ile nayo ilikuwa ruzuku, ila aliyeitoa ni mkulima.

Korosho ilitupa somo gumu zaidi. Mwaka 2018 wakulima walikataa bei za mnadani, na walikuwa na haki ya kukataa. Serikali ikatangaza itanunua kwa shilingi 3,300 kwa kilo na jeshi likapewa kazi ya kuzisomba. Mtwara na Lindi walishangilia. Kisha ukaja uhakiki wa mashamba ili kuwanasa walanguzi wa kangomba, wanaonunua korosho kwa wakulima kinyemela kwa bei ya kutupa, malipo yakachelewa kwa miezi, na wengine wakaingia msimu uliofuata bila fedha ya salfa, dawa ya mikorosho. Nia ya kumlinda mkulima ilikuwepo. Fedha na wanunuzi havikuwa tayari.

Wapo wanaotaka ruzuku yote ihamishiwe TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, ijenge barabara za vijijini. Siwaungi mkono moja kwa moja. Barabara inachukua miaka, na mvua haisubiri mkandarasi. Lakini wanagusa ukweli: nenda sokoni Tandale uone gunia la viazi likishushwa, limeongezewa kilemba juu kwa kamba, wabeba mizigo wawili wanalihangaikia. Sheria inasema gunia lisizidi kilo 100. Lumbesa hiyo mkulima aliikubali shambani kwa sababu lori lililofika lilikuwa hilo moja, na barabara ilikuwa karibu kukatika.

Kwa hiyo ruzuku ibaki, lakini ipimwe kwa kinachobaki mfukoni baada ya kuuza, wala si kwa tani zilizosambazwa. NFRA, wakala wa hifadhi ya chakula, itangaze bei yake kabla ya kupanda na ilipe papo hapo. Unga ukipanda Dar, itoe akiba yake sokoni kwanza, na kufunga mpaka kuwe hatua ya mwisho. Sisi wa mjini tutalipa zaidi kidogo baadhi ya miaka. Sioni waziri atakayependa kusimama Manzese na kulisema hilo.