Mama Mkwe na Mwani wa Brighton

Kijana wa Makunduchi, kusini mwa Unguja, hulelewa akiamini kwamba mama wa mkewe ni mtu wa kusalimiwa macho yakiwa chini, wa kupishwa njia hata kama njia ni pana, na wa kutotajiwa kabisa jambo lolote lihusulo mwili wa binadamu kuanzia shingoni kwenda chini. Nami nililelewa hivyo. Nikaoa kijiji cha Jambiani, hukohuko Unguja, kisha nikahamia Brighton, mji wa pwani ulio kusini mwa Uingereza ambako mke wangu ni mwuguzi, nikaishi kwa raha zangu nikijua kwamba kati yangu na mama mkwe limelala bara zima la Afrika pamoja na bahari ya Mediterania. Kwa umbali wa namna hiyo heshima haimshindi mtu.

Mwezi wa Julai mama mkwe akaja. Alishuka na kanga zake, achari ya ndimu, na chini kabisa ya begi mapolo mawili matupu yaliyokunjwa vizuri. Nilidhani ni ya kubebea zawadi wakati wa kurudi.

Inafaa msomaji aelewe kwamba mama huyu ni mkulima wa mwani. Kilimo hicho kilipoanza pwani ya mashariki ya Unguja mwaka 1989, yeye alikuwa miongoni mwa wanawake wa kwanza kijijini kupiga vigingi na kufunga kamba, na tangu hapo hupanga maisha yake kwa bamvua na maji mafu, yaani siku za maji kujaa na kupwa sana na siku za maji kutulia, si kwa Jumatatu na Jumanne. Ameuona mwani aina ya kotonii, wenye bei nzuri, ukifa kwa sababu maji yamezidi joto, akarudi kwenye spinosum, ambao kwa miaka mingi kilo yake moja mkavu ilimpa mkulima shilingi mia chache. Kwa hiyo asubuhi ya kwanza aliposema kwamba anataka kuiona bahari ya huku, alikuwa kama mwalimu anayeomba kuonyeshwa madaftari.

Bahari hiyo ilimkera papo hapo. Pwani ya Brighton ni kokoto tupu, nene na za mviringo, na mtu akitembea juu yake hutoa kelele ya kutafuna karanga. "Mchanga mmeupeleka wapi?" aliniuliza, kwa sauti ya mtu anayeamini kwamba nimeuuza. Alipotia mguu majini aliutoa haraka, akasema kwamba kwetu huungua mwani kwa joto, lakini huku angeungua mkulima kwa baridi.

Kisha akauona mwani wenyewe. Ulikuwa umetupwa na mawimbi, mrefu, wa rangi ya kahawia, mwingine wenye vifuko vya hewa, na watu walikuwa wakiuruka huku wameziba pua. Mama hakusema neno. Nyumbani aliniomba nimsomee maandishi ya kopo la aiskrimu, kwa kuwa wanunuzi walikuwa wamewaambia kwamba mwani wao huishia kwenye aiskrimu na dawa ya meno. Nikasoma hadi nikafika E407, nikamweleza kwamba hiyo ndiyo alama ya kitu kigandishacho kinachotolewa kwenye mwani kama wake. Akauliza bei ya kopo. Nikamwambia, naye akaibadilisha kuwa shilingi za Tanzania kichwani, akafumba macho, akakaa hivyo muda mrefu kiasi kwamba mke wangu alikuja kumshika mkono na kumpima mapigo ya moyo.

Baada ya dhoruba ya usiku mmoja mama aliamka akiwa amejifunga kibwebwe. Mke wangu alikuwa ametoka zamu ya usiku na amelala fofofo, kwa hiyo kazi ya kumsindikiza ikaniangukia mimi. Tulipofika ufukweni karibu na gati kubwa la Palace Pier, alisimama akautazama upepo, ambao ulikuwa ukitoka kusini-magharibi, akatazama mawimbi yanavyolala, kisha akanyoosha kidole upande wa mashariki. "Kule mwisho kuna nini?" Nikamjibu kwamba kuna ukuta mkubwa wa bandari ya boti za starehe. "Basi mwani wote umelundikana kwenye ukuta huo," akasema. "Twende."

Hapo moyo ulinipasuka, kwa sababu kila mkazi wa Brighton anajua kuna nini kando ya ukuta huo. Tangu mwaka 1980 halmashauri ya mji imetenga kipande cha ufuko, upande wa magharibi wa bandari ile, kwa ajili ya watu wanaopenda kuota jua na kuogelea bila vazi lolote. Ni ufuko halali na wenye kibao chake, na wanaokwenda huko ni watu wastaarabu ambao hawana ugomvi na mtu. Ugomvi ulikuwa wangu peke yangu: ningemwelezaje mama mkwe, bila kutaja kitu kilicho chini ya shingo, sababu ya kutokwenda huko?

Tulipanda treni ndogo ya Volk's, iliyoanza mwaka 1883 na inayohesabiwa kuwa reli ya umeme kongwe kuliko zote duniani ambazo bado zinafanya kazi. Huenda polepole sana, jambo ambalo siku nyingine hunichosha, lakini siku ile niliiona ina mbio za ndege. Nilijaribu kila njia.

"Mama, kule kuna watu wasiopenda wageni."

"Mwani wa pwani hauna mwenyewe, baba."

"Kule jua ni kali." Mbingu ilikuwa imefunikwa na mawingu kutoka pembe hadi pembe.

"Kule, mama, kuna watu wamejipumzisha."

"Sitawaamsha."

Tulishuka kituo cha mwisho, Black Rock. Kwa kuwa halmashauri imeinua tuta la kokoto ili kuwasitiri waliomo wasionwe na wapita njia, huwezi kuona kitu mpaka uwe juu ya tuta lenyewe. Mama alipanda mbele akiwa na mapolo begani. Nikamwona amefika juu. Nikamwona amesimama. Upepo ulikuwa ukiipeperusha kanga yake, na mimi nilibaki chini nikizisoma kokoto moja baada ya nyingine.

"Baba," akaniita bila kugeuka.

"Labeka, mama."

"Wahenga walisema muungwana akivuliwa nguo huchutama. Hawa mbona wamesimama wanacheza mpira?"

Sikuwa na jibu, na hata ningekuwa nalo adabu isingeniruhusu kulitoa. Nilitegemea angegeuka turudi. Lakini mwani ulikuwepo palepale alipotabiri, marundo kwa marundo chini ya ukuta, na mtu aliyekula miaka mingi ya jua na chumvi kwa ajili ya kilo za shilingi mia chache hawezi kuliacha rundo la namna hiyo kwa sababu ya watu waliosahau suruali. Akaishusha kanga hadi kwenye nyusi, akabakiza macho upenyo wa kuona miguu yake tu, akateremka.

Mimi nilifuata uso ukiwa umeelekea mbinguni. Nisingeweza kutazama mbele, kwa kuwa mbele alikuwepo mama mkwe ameinama anazoa. Nisingeweza kutazama kulia wala kushoto, kwa sababu zinazoeleweka. Kutembea juu ya kokoto huku unatazama mawingu kuna hasara zake, na hasara yangu ilikuwa miguu ya mwanamume mmoja aliyelala chali, ambayo niliikwaa nikaanguka kifudifudi kando yake. Nilimwomba radhi huku nikiwa nimeyafumba macho. Akaniuliza kwa upole kama nimepoteza miwani.

Polo la kwanza lilijaa, na mwani mbichi ni mzito kuliko saruji. Tulikuwa tukiliburuta bila mafanikio pale mzee mmoja wa Kiingereza, mwenye ndevu nyeupe na adabu za hali ya juu, aliposogea kutoa msaada. Niliyajua hayo ya ndevu kwa sababu ndicho kitu pekee nilichokubali kukitazama.

"Anasema nini?" mama akauliza, akiwa ameutazama mwani wake.

"Anasema atusaidie kubeba."

"Mwambie avae kwanza, ndipo abebe."

Nilifikisha ujumbe huo kwa maneno laini kadiri ya uwezo wangu. Mzee akatikisa kichwa kuonyesha kwamba ameelewa, akaenda kwenye vitu vyake, akarudi amevaa kofia.

Na viatu, nimtendee haki. Kisha akashika ncha moja ya polo kabla sijasema neno, nami nikalazimika kushika ncha ya pili. Polo la namna hiyo hubebwa na watu wawili wakitazamana. Tulipanda tuta hivyo, yeye akinihadithia hali ya hewa, mimi nikiitikia nimetazama juu kabisa, na mama ametangulia mbele yetu na polo la pili kichwani, amenyooka kama nguzo, hageuki nyuma. Penye kibao cha mpaka mzee alisimama, kwa kuwa kuanzia hapo ni sharti mtu awe na nguo. Akaaga. Mama, akiwa bado ametupa mgongo, akainua mkono mmoja na kumwombea dua.

"Mungu amsitiri," akasema.

Nilimweleza mzee kwamba mama ameshukuru sana.

Yaliyofuata nyumbani sitayarefusha. Mke wangu aliamka akakuta hodhi la kuogea limejaa mwani, na roshani nzima imetandikwa mwingine unaokauka, nao shakwe wa Brighton, ambao kwa kawaida huishi kwa kupora chipsi mikononi mwa watalii, wamejipanga ukingoni kukagua. Jirani wa ghorofa ya chini alipanda kuuliza maji ya chumvi yanayodondokea maua yake yanatoka wapi. Mama alimpa achari ya ndimu, na hakurudi tena.

Nilidhani mambo yamekwisha, kwa kuwa mimi na mama hatukulizungumza tena suala la ufuko ule hata kwa kidokezo. Sikujua kwamba jioni ileile alikuwa amewatumia wenzake wa kikundi cha mwani ujumbe mrefu wa sauti kwa WhatsApp, akawaeleza habari za E407, bei ya aiskrimu, marundo yanayooza bure, na wasaidizi waliopo. Ujumbe ulitoka Jambiani ukiwa na mzee mmoja mwenye kofia. Ulipofika Paje wazee walikuwa watatu na kofia imepotea. Ukaingia Makunduchi wakati wa Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya wa jadi, siku ambazo kijiji kizima kimekusanyika, wanaume wanapigana kwa migomba na wageni wamejaa kutoka kila upande, na kufikia hapo habari zilikuwa zinasema kwamba mkwe wa Jambiani, akiwa Ulaya, huwabebea wakwe zake mizigo kwa desturi za huko.

Baba yangu hanipigii simu ovyo. Siku hiyo alipiga, akaitikia shikamoo yangu kwa ukavu, akakohoa mara kadhaa.

"Nimesikia," akasema. "Sitaki maelezo marefu. Nataka kujua jambo moja tu, ili nijue kama nitaweza kupita Jambiani kwa miguu au nikodi gari lenye vioo vyeusi. Siku hiyo wewe ulikuwa umevaa?"