Mjomba hakulogwa

Mjomba wangu alifia Ujiji, tumbo limejaa maji, macho yamekuwa manjano kama binzari. Nyumbani tuligawanyika. Wengine walisema katupiwa kitu na watu aliogombana nao kwenye biashara ya dagaa. Wengine walisema ana homa ya ini, na hao ndio waliomtengea sahani, na kikombe cha plastiki cha bluu kilichotundikwa peke yake kwenye msumari nje ya jiko.

Hao wa pili waliujua ugonjwa, ila walimwonea kwa kikombe kile. Virusi vya homa ya ini aina ya B havipiti kwenye chakula. Vinapita kwenye damu, kwenye tendo la ndoa, na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa kujifungua. Kilichotuhatarisha ni wembe. Mganga aliyekuja kuzindika nyumba alimchanja mjomba chale, kisha akatuchanja na sisi, mmoja baada ya mwingine, kwa wembe uleule. Ninazo mpaka leo, tatu, juu kidogo ya kiganja cha kushoto.

Leo ugonjwa huu unajulikana kwa tone la damu, na tunamshukuru daktari Mmarekani, Baruch Blumberg. Kinachonigusa ni kwamba hakuanza kwa kulitafuta ini. Alipokuwa mwanafunzi wa udaktari alikwenda Moengo, mji wa migodi huko Suriname, Amerika Kusini, akaona watu wanaoishi mahali pamoja hawaumwi matende sawasawa. Kwa nini huyu aumwe na yule apone? Swali hilo lilimfanya akusanye damu za watu wa nchi nyingi. Mwaka 1957 alikuwa Nigeria.

Kazi yenyewe ilikuwa ya subira. Unatoboa vishimo kwenye jeli. Kimoja unakitia majimaji ya damu ya mgonjwa aliyeongezewa damu mara nyingi, maana mwili wake umekwisha kutengeneza kingamwili, yaani kinga za kupambana na vitu vigeni, za kila namna. Vingine unavitia ya watu wengine. Zikitambuana, katikati unachoreka mstari mweupe. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, damu ya mgonjwa wa hemofilia, ugonjwa wa damu kutoganda, wa New York ilichora mstari na damu ya mwenyeji wa asili wa Australia. Hakuna aliyejua maana yake. Blumberg na wenzake hawakuutupa; waliufuata miaka kadhaa. Mwaka 1967 msaidizi wa maabara yake aliona mkojo wake umekuwa mweusi, akapima damu yake mwenyewe, na mstari ukatokea. Kumbe kilichochora mstari kwenye damu ya yule wa Australia kilikuwa protini ya koti la kirusi cha homa ya ini! Mwaka 1969 Blumberg na mwenzake Irving Millman walikuwa wameshabuni njia ya kutengeneza chanjo, na mwaka 1976 akapata Tuzo ya Nobel. Siku ya Homa ya Ini Duniani, 28 Julai, ni siku aliyozaliwa.

Watoto wetu wanaipata chanjo hiyo kliniki, wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Sisi wakubwa tuliotangulia hatukuipata. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa watu milioni 254 walikuwa wanaishi na virusi hivi mwaka 2022, na wengi hawajijui, kwa sababu ini halilalamiki mapema. Mtoto mchanga akiambukizwa, mara 9 kati ya 10 virusi vinabaki naye maisha yote. Huenda mjomba aliishi navyo tangu kuzaliwa. Ni kweli kichocho cha ziwani nacho huharibu ini, si kila tumbo linalovimba ni virusi. Lakini mtu mzima wa Kigoma anayetobolewa kidole kupima malaria, kwa nini asipimwe na kirusi hiki siku hiyohiyo, tena bure? Naomba wenye mamlaka walichukue hili kwa uzito.

Mwezi uliopita nilikwenda kupima na mama mdogo, ambaye naye alichanjwa chale na mganga siku ile. Tukiwa kwenye benchi aliniuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, wakikuta ninao, mtanitengea kikombe?"

Nikamwambia, "Hapana, mama."

Kipande changu cha kupimia kilitoa mstari mmoja, maana yake sina. Nimeshachoma sindano ya kwanza ya chanjo kati ya tatu. Chake kilitoa miwili, maana yake anavyo virusi. Amepewa tarehe ya kurudi ili wapime wingi wa virusi. Jioni ile tulikula ugali kwa migebuka kwenye sinia moja, yeye akiwa katikati yetu.